Haya ya Mwanaidi

Basi kaifuta, shoga yangu. Ile haya yako kijana wa studio kaifuta kabisa, na ndo maana nimekaa hapa barazani na Zuhura, mke wa mwanangu, namwambia andika. Kalamu anayo yeye, mdomo ninao mie. Kusoma sie hatukusomeshwa, wajua. Nimemwambia aandike hivihivi ninavyosema, asininyooshee maneno. Akininyooshea utadhani kakuandikia mwenyekiti wa mtaa.

Ngoja nianze vizuri. Ule wimbo wetu, Mlango Nimeurudishia, ulitia sauti yako peke yako, siku ile mie kifua kimenibana. Ukasema, "Wiki ijayo tunakuja wote, unatia ubeti wako, tunamaliza." Hiyo wiki ijayo tukakuzika. Sasa na arobaini imepita, na ubeti wangu uko vilevile, tupu, kinanda kinapita peke yake kama maiti hana wasindikizaji. Astaghfirullahi, nimesema nini. Zuhura, hiyo iache.

Yule kijana wa studio ya Chamazi, aliyebandika magodoro ukutani, akanipigia. "Shikamoo bibi. Wimbo wenu nausafisha. Kikohozi nimetoa, kelele za feni nimetoa. Na haya nayo niitoe?"

Mie nikajua ananitania. Nikamjibu, "Toa tu mjukuu wangu, yule hakuwaga na haya tangu usichana wake!" Akacheka, nami nikacheka mpaka kanga ikanidondoka. Tangu ufe sijacheka vile. Kumbe nimekuuza, Mwanaidi. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikaenda. Kanivisha vile vidude vya masikioni juu ya mtandio, feni kazima, joto lile unalijua. Ukaanza kuimba. Shoga, we! Uko sikioni kabisa, karibu kuliko ulivyokuwa hai:

Mlango 'merudishia, komeo sijalitia,
Ukirudi we ingia, hodi sitasubiria.

Ukamaliza. Nikasubiri. Kinanda kikapita, mie nasubiri. Kijana kasimamisha. "Bibi, vipi?" Nikamwambia rudisha. Karudisha, tena vilevile. Mara ya tatu akasema, "Bibi, hesabu nne, halafu ingia." Nne za nani? Mie tangu lini nahesabu? Miaka yote nakuhesabu wewe, Mwanaidi! Unamaliza ubeti, unageuza shingo, unasema chini chini "haya, shoga," mie naingia. Ndo hesabu yangu.

Nikamuuliza, haya yake iko wapi? Akanitazama. "Si ulisema niitoe?" Nikamwambia irudishe. Kahangaika na kompyuta yake, jasho linamtoka, mwisho akasema kahifadhi juu yake, ile ya mwanzo haipo tena. Masikini, alitaka kulia. Kosa si lake.

Palikuwa na binti anasubiri zamu yake, kaja kurekodi singeli. Kaniomba nimsikilize. Nikasikiliza. Sikufichi, nilimpenda. Maneno yanamtoka mbio kama mchele unamwagika, halafu ghafla anavuta sauti moja, ndefu, nywele zikanisimama. Ungekuwepo ungemtunza mpaka hereni. Kijana akasema, "Bibi, kama wewe huwezi, huyu atuimbie ubeti wako, wimbo utoke." Kasema kwa adabu tu. Nikamwambia nipe mpaka Jumamosi.

Leo ndo Jumamosi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikukwambia uhai wako, nawe unajua sie hatusifiani, tunasutana. Unakumbuka ile harusi ya Tandika, haya ilipoanzia? Uliimba ukamaliza, mie sikuitikia. Ukageuka mbele za watu, "Haya, shoga! Umelala?" Ukumbi mzima ukacheka. Bwana harusi naye kacheka, yeye na meno yake yale. Tangu siku hiyo kila ubeti unanisemea haya, na kila mtu ukimweleza ni kwamba mie Tatu masikio yangu mabovu. Nami nikakubali. Nikakaa na uziwi wa kuzushiwa mpaka nimezeeka nao.

Sikuwa nimelala. Si kiziwi mie. Nilikuwa nakusikiliza.

Ukiimba nilikuwaga nasahau kama na mie nimo. Nasahau kiti, nasahau watu, nakuwa kama mama wa watu kaja harusini kuangalia. Unashtukia wimbo umefika kwangu, mie nimeduwaa. Hiyo ndo siri yenyewe. Miaka yote hiyo hatukuwa na bendi wala bosi, wimbo tunautunga sie, tunaulipia sie, tunazungusha kaseti wenyewe, baadaye flashi, kwa waendesha bodaboda na wauza duka. Watu wakiniuliza mnapata nini? Nawaambia tunapata tu. Mie nilikuwa napata kiti cha karibu kuliko wote.

Zuhura kaacha kuandika, anajifuta macho. Andika mama, kulia utalia tukimaliza.

Huku kwetu hakuna jipya. Jogoo wa jirani, yule aliyeingia kwenye kanda yetu ukasema naye anataka kuitwa msanii, walimchinja Idi. Alasiri naosha vyombo naimba itikio, peke yangu. Itikio bila wimbo, Mwanaidi, ni kama mtu anasema abee na hakuna aliyemwita. Wanangu wananipenda, siwasemi vibaya. Lakini nani wa kunisuta? Nani ataniambia kanga hii imepauka, unakwenda nayo wapi? Napanda nayo gari vilevile imepauka, naenda, narudi, kimya.

Mwanao Rehema kaja jana. Nikamweleza yote. Yeye haimbi, wajua, sauti kachukua ya babake. Akasema, "Mama mdogo, mie nilikulia chini ya viti vyenu. Nitasimama pembeni yako, mama akimaliza nakwambia haya." Haitakuwa yako. Lakini nimewaza usiku kucha, nikasema na iwe. Yule binti wa singeli nitamwomba aitikie nami mwishoni, asikae nje na sauti ile. Ila ubeti ni wangu. Uliutunga wa mtu anayerudi kuukuta mlango haujafungwa, ukanipa mie niuimbe, na simpi mtu.

Basi, lala shoga yangu, Mungu akunyooshee ubavu. Ahadi yangu hii: leo nitaingia. Na nikichelewa kidogo, safari hii usiwaambie huko kwamba Tatu kiziwi. Jua nakusik

Ngoja. Gari imesimama nje. Mlango wa gari huo. Ni Rehema, naona mtandio wake kwenye michongoma, hajaingia hata uani, anaita kutoka hukohuko, na shingo kaigeuza vilevile:

"Haya, mama mdogo!"

Zuhura, nipe viatu. Abee! Abee mwanangu, naja.