Mwanga Ndani ya Sukari ya Mawe

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba. Huku Temeke tu wazima. Mjomba wako bado anaziba paa lile lile, na mvua bado inatunyeshea ndani. Unaniuliza kama ni kweli sukari ya mawe hutoa mwanga ikivunjika, maana wenzako bwenini wanakucheka. Jamani, ubishi huu haujaisha tu!

Enzi za Mwingereza, nikiwa nimeolewa juzi juzi, mama mkwe alinituma stoo kuponda sukari ya mawe ya maulidi. Stoo haikuwa na dirisha, na mlango niliufunga kuzuia nyuki. Kila nilipoipiga kwa mchi ililia ta-ta-ta, na humo kinuni ukamulika mwanga wa bluu usiochoma. Nikatoka mbio kuwaambia watu wa nyumbani.

"Huyu ana shetani," mama mkwe akasema. "Mrudisheni kwao kabla ya maulidi."

Niliapa, nililia, nilieleza mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyesogea hata mlangoni! Mwishowe nikachoka kubembeleza watu. Nikamshika babu yako mkono, nikamvuta ndani, nikafunga mlango, nikapiga.

Akainamia kinu kuutazama ule mwanga. Kisha akasema, "Hebu nipe huo mchi."

Akaponda sukari yote mwenyewe, akamwita na mama yake aje aone. Sikurudishwa kwetu.

Basi usibishane nao, mama. Wazimie taa, uwape mchi waponde wenyewe. Ila ujiandae: babu yako, mpaka anaingia kaburini, aliwasimulia watu kwamba yeye ndiye aliyeuona ule mwanga kwanza.

Bibi yako,
Bi Tatu