Mwalimu Kwenye Maji ya Watoto

Mpendwa Shosho Nyakio,

Pole kwa kukuongezea barua nyingine ya kujibu, bibi yetu, lakini hili jambo limenikaa kooni na nyumbani hakuna wa kunishauri bila kucheka. Naishi Kiamunyi, nina miaka thelathini na moja, na Januari nikijaliwa naenda Diani kujifunza kitesurfing, ule mchezo wa kusimama juu ya ubao baharini ukivutwa na tiara kubwa kama hema, na nimejiandaa kweli kweli Shosho, nimepata tiara ndogo ya mazoezi na kila Jumapili baada ya kanisa naenda shamba la baba kule Rongai, mahindi yameshavunwa, nasimama katikati ya mabua nikiupa upepo mgongo, na mara ya kwanza iliniburuta kwa tumbo mpaka kwa boma la ng'ombe, ndugu yangu Kibii akasema nitaokotwa kule mbali Eldama Ravine, lakini sasa naipandisha, naishusha, naiendesha kwa mkono mmoja, na Kibii mwenyewe anaomba zamu.

Shida ni maji. Sijui kuogelea, na darasa la wanaoanza pale hotelini mjini ni la watoto wa miaka sita, na hao watoto ni wangu, mimi ndiye mwalimu wao wa shule ya Jumapili, juzi tu nimewafundisha habari ya Petro kutembea juu ya maji, tena nikamkemea Petro kwa kuogopa, sasa nitasimamaje mbele yao nikitetemeka kwenye maji ya kiunoni, na mama zao wameketi pale kando na vikombe vya chai? Kocha wa Diani, anaitwa Lewis, ameniuliza kwa simu kama naogelea na sijamjibu. Niseme ndio nitegemee jaketi la kuelea, ama niachane na haya mambo?

Jerop, Kiamunyi

*

Jerop mtoto wangu,

Barua yako nimeisoma polepole, herufi kwa herufi, na maharagwe yangu yakaungua. Hongera. Mwanamke aliyeburutwa kwenye mabua akaamka akashika kamba tena hawezi kuniambia anaogopa vikombe vya chai.

Sasa nikugombeze. Unataka kumdanganya Lewis kwenye nchi kavu ndio aujue ukweli ukiwa majini? Jaketi litakuinua, sawa, lakini wimbi likikuingia puani jaketi halitakufundisha kutulia. Utapiga kelele na kumeza maji mengine.

Na Petro ulimkemea bure. Yeye angalau alitoka kwa mashua. Wenzake walibaki wameketi wakimwangalia, na hao ndio unaowaogopa.

Mimi darasani sikukaa. Nilianza kujua herufi nikiwa na mvi, mjukuu wangu akinishika kidole. Alinicheka mpaka akalala chini. Nikamwambia, cheka, ukimaliza nionyeshe hiyo ingine.

Sikiza basi. Leo hii mpigie Lewis umwambie hujui kuogelea, unajifunza. Jumamosi ingia na watoto, kama kostumu ya kuogelea inakusumbua vaa suruali ya kubana na tisheti, na uanze kwa kupuliza hewa majini kama wao. Usiruke somo. Januari ikifika hujaweza kuelea kwa mgongo na kuvuka bwawa bila kushika ukuta, isongeshe safari mbele, bahari haihami. Na ukikosa wa kukushikia taulo, mimi niko hapa Bahati, si mbali na kwenu, nitakuja. Anayetaka kucheka atacheka akiniangalia mimi usoni.

*

Shosho,

Asante kwa kuja kila Jumamosi na lile taulo la maua, na kwa kupiga kelele "Jerop, miguu" mpaka wageni wa hoteli wakatoka nje kuangalia. Lakini kuna kitu hukusikia kutoka kule kando. Nilipokuwa nazama tu kila nikijaribu, kale kasichana kanaitwa Fancy kalinisogelea kakaniambia, "Ticha, weka masikio kwa maji. Wewe unainua kichwa kama kuku." Nikaweka, nikaelea.

Juzi nilipogusa ukuta wa pili, mama Fancy aliweka chai yake chini akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kuingia na mimi wiki ijayo, kwa sababu yeye pia hajui.

Lewis amesema nije. Jumapili narudia Petro na watoto wangu, na safari hii naanzia pale alipoinua mguu kutoka kwa mashua.

Jerop