Shangazi Anaongea na Benchi

Jumamosi jioni, Rungwe Mpya, kwa Bibi. Baridi ya Julai, ile kavu inayopasua midomo. Nimejifunga kitenge cha Bibi juu ya sweta la shule na bado upepo unanipata mgongoni.

Shajara, leo nimeongea.

Wanaonisoma humu watajua hii ni habari kubwa. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, naangalia meza mpaka mwalimu achague mwingine. Mdomo naupata hapa tu, kwenye blogu, kwa sababu hakuna anayejua ni mimi. Leo lakini nimeongea mchana mzima, mbele ya watu, kwa lugha mbili. Na maneno yenyewe hayakuwa yangu.

Tumekuja kutoka Kibondo juzi: mimi, Baba na binamu yangu Neema. Neema ni mtoto wa Shangazi Odilia, dada yake Baba; amekuja likizo, akafika kwetu usiku wa kuamkia safari. Shangazi alikwenda Uskoti kusomea uuguzi kabla sijazaliwa, akaolewa hukohuko, na hajarudi hata mara moja. Babu alipofariki, makaratasi ya Shangazi ya ukaazi yalikuwa hayajakamilika. Angetoka, asingeruhusiwa kuingia tena. Tulizika bila yeye.

Tangu hapo Bibi na Shangazi wana shida ambayo hakuna anayeitaja. Simu ikija, Baba anampa Bibi. Shangazi anasema, kwa Kiswahili, "Shikamoo mama, habari za huko?" Bibi anajibu nzuri, anairudisha simu. Imeisha. Bibi husema Odilia ameshaisahau lugha ya kwao, anamsalimia mama yake kama karani wa halmashauri.

Sasa Neema anajua Kiingereza tu. Bibi anajua Kiha, na Kiswahili anakisikia akitaka. Baba Kiingereza anakijua, ila alisema kazi hiyo ni ya kwangu, ada alizolipa zifanye kazi. Basi nikawekwa katikati yao kwenye mkeka, Bibi anachambua maharage, Neema ameshika simu yake yenye picha. Mama Skola, jirani, naye akaja "kuomba chumvi" akakaa.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa nimemfundisha Neema kumwamkia Bibi: uiname, upige makofi polepole, useme "Mwakeye". Alipiga makofi kama yuko uwanjani timu imefunga bao. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo wanapendana bila msaada wangu.

Leo Bibi alitaka kujua mji wenyewe ukoje.

Ni mji mdogo, Neema alisema, unaweza kuumaliza kwa mguu kabla chai haijapoa. Uko kando ya ziwa refu jembamba, milima pande zote. Picha zake ni nzuri lakini zina rangi ya moshi. Mvua ya huko haina haraka, inanyesha kama mtu anayefanya kazi ya kuajiriwa. Kiangazi jua linazama saa nne usiku na usubi wanakula watu masikio. Wakati wa baridi, saa kumi jioni ni giza totoro. Watu wakikutana njiani hawaulizani habari za nyumbani, wanaambiana kuhusu hali ya hewa tu, kisha kila mtu na njia yake.

"Wanalima nini?" Bibi aliuliza.

Hawalimi. Kuna majani na kondoo.

"Dagaa je?"

Ziwa halina dagaa. Lina boti ya watalii na bata.

Bibi alitikisa kichwa kulihurumia ziwa. Neema akaonyesha kanisa la mawe, zuri sana, ambalo sasa ni mgahawa wa kahawa. Nilitafsiri kama ilivyo. Mama Skola akasema, "Yesu wangu! Na altare?" Neema akasema pale ndipo wanapouzia keki.

Nilikuwa nimeanza kuona raha, nakiri. Nilikuwa nasema neno na watu wakubwa wanacheka. Sijawahi.

Halafu Bibi akaacha maharage. Akauliza kwa sauti ya chini, bila kumwangalia mtu: "Jioni, mama yako anakaa na nani?"

Nikatafsiri. Neema aliinamia simu yake. Akatafuta picha, akanionyesha benchi la mbao kando ya ziwa. Akaniambia kwamba kwao mtu akifa, ndugu zake wanaweza kuweka benchi mahali alipopenda kukaa, na kibati chenye jina lake. Ufukwe mzima una mabenchi hayo. Hili ni la mzee mmoja anaitwa Duncan. Shangazi hakuwahi kumwona huyo mzee. Ila kila akitoka kazini anakwenda kukaa pale, na anaongea na Duncan. Kwa sauti kabisa. Wapita njia wanadhani yuko kwenye simu.

"Anaongea Kiha," Neema alisema. "Nilipokuwa mdogo sikujua ni lugha ya watu. Nilidhani ni ya Mama peke yake. Juzi tuliposhuka kwenye basi nikasikia kila mtu anaiongea, wauza ndizi, watoto... Ndiyo maana nililia. Ulidhani ni vumbi."

Kweli nilidhani ni vumbi.

Akaongeza kwamba aliwahi kumuuliza mama yake kwa nini haongei hivyo na Bibi kwenye simu. Shangazi alimjibu kuwa kwa Kiswahili anaweza kumaliza salamu, kwa Kiha atalia, na Bibi ana presha.

Mkeka mzima ulikuwa unaningoja.

Baba alikuwa amesikia yote. Akasema harakaharaka, kwa Kiswahili ili Neema asielewe, "Mwambie Bibi kwamba Shangazi ana marafiki wengi kanisani. Ishia hapo." Na macho yake yakaenda kwa Mama Skola. Nilimwelewa. Huku mtu anayezungumza peke yake na marehemu, tena marehemu asiye wa ukoo wake, habari zake zinafika mpaka kijiji cha Titye kabla ya jua kuzama. Odilia kapata kichaa Ulaya. Na Bibi ataubeba huo usemi kila Jumapili akienda misa.

Mimi Baba sijawahi kumkatalia kitu. Si kwa sababu ni mkali. Ni kwamba kukataa kunahitaji sauti.

Nikaanza kutengeneza sentensi yenye sukari: ana rafiki mmoja, mzee, wanaongea kila jioni. Hata uongo si uongo, nilijiambia. Nikafungua mdomo.

Bibi akanishika goti. "Sema alichosema mtoto," akasema. "Alichosema baba yako nimekisikia."

Basi nikasema. Yote. Benchi, kibati, Duncan, Kiha, simu ya uongo, machozi, presha. Sauti yangu ilitetemeka mwanzoni, halafu nikasahau kuisikiliza. Nilipofika pale pa Neema kudhani ni lugha ya mama yake peke yake, Mama Skola alijipangusa kwa ncha ya kanga. Baba aliinuka akaenda kusimama uani.

Bibi hakulia. Aliniogopesha, jinsi alivyotulia. Alichambua maharage mengine, punje mbovu akawatupia kuku. Nikawaza, nimemuua bibi yangu kwa tafsiri.

Kisha akajifunga kanga vizuri akasema, "Nipelekeni kwenye mtandao."

Mtandao hapa unapatikana juu ya kichuguu kilicho nyuma ya migomba. Bibi hajawahi kukipanda. Siku zote Baba ndiye hupokea akiwa juu kule, halafu anamteremshia simu ikikatakata. Leo tulimpandisha, mimi mkono huu, Neema mkono ule, Mama Skola nyuma akisukuma na kusema, "Twende, bibi harusi!" Neema akapiga. Uso wa Shangazi ukatokea, nyuma yake dirisha lenye mvua.

"Shikamoo mama, habari za..."

"Odilia," Bibi alimkata, kwa Kiha, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. "Unamsumbua marehemu wa watu, na mimi nipo hai?"

Uso wa Shangazi uliganda kwenye skrini. Nilidhani mtandao umekatika. Halafu Shangazi akaanza kulia, na katikati ya kilio akaanza kumwamkia mama yake kwa Kiha, salamu yote, ile ndefu, anauliza nyumba, anauliza mbuzi, anauliza kaburi la Babu, na Bibi anamjibu moja moja na kumkaripia kila akivuta kamasi. Karani hasalimii hivyo.

Neema akaninong'oneza, "Wanasema nini?"

Nikamwambia nitamsimulia baadaye. Tukashuka, tukamwacha Bibi juu kule na Mama Skola akimshikilia kiunoni asianguke. Waliongea mpaka kifurushi kikaisha, Baba akaongeza kingine bila kuombwa.

Baba. Sasa ndiyo nafika panaponiuma.

Nilipopita uani kuchukua maji alikuwa bado amesimama pale. Akanitazama kidogo, akasema, "Wewe siku hizi una mdomo." Akaingia ndani. Sijui kama ni sifa au onyo. Nimeirudia sauti yake kichwani kila namna na bado sijui. Wakati wa kula alizungumza na kila mtu, mimi akaniambia tu nisogeze mboga.

Huwa tukikaa hivyo mimi na yeye, siku zinapita mpaka jambo linajifia lenyewe. Kisha nakuja hapa na kuwaandikia watu nisiowajua yale ambayo ningemwambia yeye. Nimeandika mengi sana humu kuhusu Baba. Yeye hajui hata moja, na chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja.

Kesho asubuhi tunarudi Kibondo. Neema ameshaomba kiti cha dirishani, kwa hiyo mimi nitabanwa kati yake na Baba njia nzima. Nitazima simu, nisikimbilie humu. Tukishaondoka stendi, nitamuuliza Baba kama amenikasirikia, na nitangoja jibu.