Saa Saba na Dakika Tano

Jumatatu, 14 Septemba 1998

Mzee Kassim, msemaji wa wavuvi wa Bodo, amesema leo dukani, mbele ya watu, kwamba nimenunuliwa. "Kalamu ya kukodi hiyo! Mpeni chai, asije akaandika tumemnyima." Wakacheka. Gazeti la Jumamosi, chini ya jina langu: wavuvi wameridhia hoteli ifunge njia yao ya pwani. Mimi niliandika wamekataa.

Jumanne, 15 Septemba

Nimempigia simu mhariri, Mombasa. Anasema faili ni langu na hakuna mwingine aliyeligusa. Jumatatu nifike ofisini na ushahidi, au nitafute kazi kwingine. Namchukia mtu huyu.

Jumatano, 16 Septemba

Diani, kwa Mutua, karani wa hoteli moja ya huko. Ana intaneti. Ukurasa wa ghala la mafaili la gazeti ulifunguka polepole mno. Nikaandika jina la habari yangu, nikabonyeza kutafuta.

"Usilifungue, mzee," Mutua akasema. "Ukili-save tu, date inachange. Soma maelezo yake pekee."

Limeundwa: Alhamisi, 16:20. Hapo ni mimi kweli. Limebadilishwa: Ijumaa, 13:05. Aliyebadilisha: mimi. Jina langu kamili.

Maneno yetu ya siri yamebandikwa ukutani mwa chumba cha habari, tangu mwaka jana. Yeyote angeweza. Sikuwahi kulalamika. Mpumbavu mimi.

Mutua alinichapia ukurasa.

Alhamisi, 17 Septemba

Jana nilisoma jina, sikusoma saa. Ijumaa, saa saba na dakika tano mchana, nilikuwa msikitini Bodo. Safu ya pili. Bega kwa bega na Mzee Kassim. Bodo hakuna kompyuta hata moja.

Kwa hiyo shahidi wangu ni mtu anayenitukana. Wengine hawatafungua mdomo kabla yake.

Jumamosi, 19 Septemba

Bodo. Shikamoo yangu Mzee Kassim ameiitikia bila kunitazama. Nikampa karatasi. Akaisoma mwenyewe, kidole kwenye mstari wa saa. Akairudia.

"Sikupendi, bwana. Na njia yetu bado imefungwa. Lakini saa hiyo ulikuwa kando yangu. Siwezi kusema uongo juu ya swala."

Akaikunja karatasi, akanirudishia.

Jumatatu, saa moja asubuhi, tunakutana kivukoni Likoni. Kwa mhariri saa tatu. Mzee anakuja nami.