Kamba ya Ndama

Mjukuu wangu Neema,

Haya sijawahi kumwambia mtu. Hapa Mbozi tupo, ila tumechoka. Kahawa imeiva yote kwa pamoja, na bibi yako, dada yangu, anaumwa mgongo. Usicheke kuitwa mjukuu na mwanafunzi wa kidato cha tatu kama mimi. Ukoo ndivyo ulivyotupanga.

Uliuliza kama juti na katani ni kitu kimoja, maana zote hushonewa magunia. Hapana. Katani hutoka kwenye majani ya mkonge, ni ngumu na hukwaruza mikono. Juti hutoka kwenye gome la mmea mwingine, ni laini, lakini ikishinda imelowa huoza upesi.

Masika yaliyopita sikujua hilo. Baba aliniagiza kamba ya katani ya kufungia ndama. Nilikuwa nasoma, nikaona uvivu kwenda dukani, nikafumua gunia kuukuu la juti na kusokota kamba. Ilipendeza. Baada ya mvua za wiki mbili ilikatika, ndama akapotelea bondeni.

“We Esau, fundo gani hilo?” Baba alimfokea kaka yangu, aliyemfunga ndama, akidhani fundo lilifunguka. “Hata mbuzi angekucheka!”

Esau alishuka bondeni kumtafuta ndama. Mimi nilirudi kwenye vitabu vyangu.

Leo Baba kaleta ndama mwingine. “Huyu atafungwa na msomi wetu,” kasema, akimaanisha mimi. “Esau asimguse.”

Nilipofika hapa katika kuandika niliweka kalamu chini, nikawafuata kwenye mashine ya kumenya kahawa, nikamwambia Baba mbele ya Esau kwamba kamba ile niliisokota mimi.

Babu yako,
Lusekelo