Salamu za Bibi

Jumanne, Mbale

Rafiki yangu, sijamwambia mtu ila wewe: tangu nianze vile vitabu vya nafsi na ubongo alivyonipendekezea mwalimu wangu wa Jinja, naogopa kumsalimia bibi. Tangu apooze hasemi, na macho yake hayamfuati mtu.

Mama humsalimia kila asubuhi, kisha humjibia mwenyewe: "Nimeamka vizuri, mwanangu."

Leo akanigeukia. "Na wewe umekuwa mgeni? Msalimie bibi yako."

"Mama, kweli anasikia?"

"Kwani vitabu vyako vinasemaje?"

Vinasema hakuna ajuaye yaliyo ndani ya mwenzake. Sikuthubutu kumwambia. Nikapiga magoti, nikasalimia, nikangoja.

Safari hii Mama hakumjibia. Alikuwa akimtazama bibi mdomoni, akingoja kama mimi.

Siwezi kutulia. Tafadhali, usimwambie mtu kwamba Mama naye hana hakika.