Kazi ya Kwanza Mlangoni

Tunduma, Majengo

Kaka Hezron,

Namba yako haipatikani tangu Pasaka, kwa hiyo barua hii nampa Clement, yule dereva wa lori anayepita huko kwako Kitwe. Sisi tupo. Mahindi ya shamba la Ndalambo tumeshayapukuchua, na kuku wa Mama anaatamia tena chini ya meza.

Mama bado anaendesha nyumba kama zamani. Kila asubuhi ananitajia kazi za siku, nami naziandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, zile za lazima juu, zinazoweza kusubiri chini. Iliyokwisha alikuwa anaifuta mwenyewe kwa kiganja. Siku hizi miguu imemvimba, hafiki mlangoni, namfutia mimi.

Tangu uondoke, kazi ya kwanza ni ile ile: kutandika kitanda cha Hezron. Hata siku ya kupukuchua mahindi, kitanda kwanza. Niliwahi kumwambia tuishushe chini, maana hakuna anayekilalia. Akanijibu, "Wewe andika."

Jana daktari alimweleza kwamba moyo wake hautapona. Tuliporudi hakulia, aliomba uji tu. Leo asubuhi nimeshika chaki, nikaanza kuandika ile ya kwanza kama kawaida. Akasema taratibu, "Hiyo ifute, mwanangu. Anza na kuchota maji."

Nimeifuta. Maji nimechota. Kisha nikaingia chumbani kwako, nikakitandika kitanda polepole, asisikie.

Mdogo wako,
Nesta